Taarifa Iliyotangulia Kisanduku

Ujumbe uliingia saa nane mchana kwenye simu ya Amosi, mwangalizi wa jenereta: Stanslaus ametoka. Amosi akachungulia mdomoni mwa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, asione mtu. Kwenye kompyuta ya Euphrasia, kisanduku cha Stanslaus kilikuwa bado na alama ya vema, maana yake yumo ndani.

Dakika tatu baadaye Stanslaus akatoka kweli. Watu wakacheka, wakasema mashine za siku hizi zina haraka kuliko wenyewe.

Euphrasia hakucheka. Ukurasa ule aliutengeneza yeye, kwa ajili ya duara hilo nje kidogo ya Katoro, na mumewe Mageni alizama humo kila siku. Mchimbaji akishuka, anamwekea alama. Akipanda anaitoa, na simu ya Amosi inapata taarifa. Wa mwisho akitoka, Amosi anazima jenereta inayosukuma hewa chini. Taarifa ikitangulia, mtu anakata roho shimoni huku wenzake wanafunga virago.

Akakagua ukurasa, akaona kosa la kawaida kabisa: taarifa ilitumwa kidole kinapogusa, kabla kisanduku hakijabadilika. Kwamba siku ile hakuna kidole kilichogusa, hilo alijitahidi asilifikirie.

Kesho yake kibanda cha mabati alimowekea kompyuta kilinuka baruti, na hakuna aliyelipua mwamba wiki nzima. Taarifa zikaja mfululizo, fulani ametoka, fulani ametoka, na wote wako chini wanagonga mawe. Mwenye duara akaogopa, akamleta Limi, mfumu, yaani mganga, wa Kishapu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alipoamkiwa aliitikia, akaomba asomewe orodha. Euphrasia akasoma majina kamili, kama yalivyo kwenye vitambulisho.

Limi akamkatiza. Wachimbaji huitana kwa majina ya utani wakiwa chini, jina la nyumbani halitamkwi humo, na Euphrasia alilijua hilo vizuri. Ila alitaka orodha safi, isiyo na kina Chuma na Babu Mwamba. Usomi nao una mambo yake.

"Umelipa jini la humu majina, mwanangu," Limi akasema kwa sauti ya chini. "Sasa linataka kutoka nayo."

Alinyunyiza unga wa mtama kuzunguka shimo, akaagiza majina yafutwe, lakini si wakati mwenye jina yuko chini, maana huyo hatakuwa na cha kurudi nacho. Na Mageni alikuwa chini.

Euphrasia akarudi kwenye kompyuta. Akaandika upya mistari ile ili taarifa isitoke mpaka kisanduku kiwe kimemaliza kubadilika. Akajaribu kwa jina lake mwenyewe mara kumi, na mara zote ilisubiri. Akamshukuru Mungu, akalia kidogo.

Saa kumi winchi ikapandisha watu, mmoja mmoja, na kila Euphrasia alipotoa alama ya mtu kisanduku kilibaki wazi kwanza, ndipo simu ya Amosi ikalia. Wa mwisho alikuwa Mageni, mzima, vumbi mwili mzima. Euphrasia akatoa alama yake, nayo ikarudi. Akaitoa tena, ikarudi, akaitoa mara ya tatu akiwa amekibonyeza kitufe mpaka ukucha ukauma, na harufu ya baruti ikajaa kibandani akashindwa kuvuta pumzi, na alama ikarudi mbele ya macho yake, na simu ya Amosi ikakaa kimya, na ukurasa ule alikuwa ameurekebisha kwa mikono yake, ulikuwa hauwezi tena kudanganya.

"Euphrasia," Mageni akasema mlangoni, "mwambie azime. Hakuna mtu ndani."

Miaka minane ya ndoa, Mageni hajawahi kumwita jina hilo. Yeye ni Mama Davis, hata wanapogombana.

Amosi alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi. Euphrasia akamsukuma, akaikumbatia jenereta ikiwa ya moto vilevile, ikamuunguza kifuani na asiiachie. Wachimbaji wakamzunguka wakimbembeleza kwa upole, kama mtu anayeumwa.

"Mume wangu yumo," akawaambia, na mumewe akainama, akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.