Droni Iliyogoma Kuruka

Kila Jumamosi asubuhi Adela alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuosha vyombo na kumfukuza mbuzi wa jirani aliyezipenda mno mboga za mama yake. Jumamosi hiyo alizimaliza zote kabla jua halijapasha moto mabati ya mtaa wao wa Chanji. Baridi ya Sumbawanga haina adabu, humfuata mtu hata ndani ya sweta, lakini Adela hakuisikia. Alikunywa uji wa ulezi akiwa amesimama, akachukua mkoba wenye rimoti.

"Shikamoo mama, nimechelewa!"

"Si umeshanisalimia? Siku hizi unaaga kwa shikamoo?" Mama alicheka hadi akashika mlango.

Furaha ilikuwa imemchanganya mtoto wa watu. Siku hiyo klabu ya sayansi ya shule yao ilishindana na wenzao wa Mpui kurusha droni za mbio. Kibali cha kurusha kilikuwa cha siku moja tu, mwisho saa sita mchana. Na rubani wa Chanji alikuwa yeye, Adela wa kidato cha kwanza.

Uwanjani, milango ya mianzi ya kupitishia droni ilikuwa imeshasimikwa. Mwalimu Silvana, mlezi wa klabu, aliiweka droni mezani bila mapanga yake, yale yanayozunguka na kuiinua, maana kwake mapanga hufungwa mwisho, baada ya majaribio. Lazaro, mwenzake wa klabu, aliunganisha betri. Adela akawasha rimoti.

Droni haikutii. Ndani yake kulikuwa na kipokezi, kidude kidogo kama ukucha, ambacho kazi yake ni kusikia amri za rimoti. Kikizisikia, taa yake hutulia. Leo ilipepesa tu, polepole, bila kutulia.

"Nani aligusa kipokezi mara ya mwisho?" Mwalimu Silvana aliuliza.

Macho yote yakamgeukia Lazaro. Alhamisi, baada ya droni kuanguka, yeye ndiye aliyelehemu upya nyaya za kipokezi.

"Nililehemu vizuri, mwalimu. Nilikagua kila waya."

"Ulikagua umefumba macho, mshikaji!" alisema Zephania, na wenzake wakacheka. "Umetuangusha mbele ya Mpui."

Mwalimu alitazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu. "Basi tutafumua nyaya tulehemu upya. Lazaro, lete vifaa, halafu kaa pembeni."

Adela akaitazama rimoti mkononi mwake. Jana jioni, alipopewa rimoti aende kuichaji nyumbani, aliiunganisha na kompyuta ya kaka yake. Ujumbe ukatokea kwamba kuna toleo jipya la programu. Nani anakataa kipya? Hata kwenye simu watu hubonyeza "ndiyo" bila kusoma. Adela naye akabonyeza, akaona rimoti imewaka vizuri, akalala fofofo. Hakuandika chochote kwenye daftari la klabu. Na sheria aliijua: anayebadilisha kitu bila kuandika, harushi siku hiyo.

Akinyamaza, labda bahati ingemwokoa. Akisema, miwani ya rubani, ile inayomwonyesha kile droni inachokiona, ingevaliwa na mwingine. Alitaka kurusha, jamani, alitaka sana! Lakini alimwona Lazaro akifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Mwalimu, usifumue nyaya. Ni mimi." Akaeleza yote kwa pumzi moja.

Mwalimu Silvana aliweka bisibisi chini.

"Rimoti ina programu yake, na kipokezi kina yake," alisema. "Umeipa rimoti toleo la tatu, kipokezi kimebaki na la pili. Ni kama bibi akusalimie kwa Kifipa nawe unajua Kiswahili cha mjini tu. Sauti anayo, masikio unayo, lakini hamwelewani."

"Sasa tufanyeje, mwalimu?"

"Tunakipa kipokezi nacho toleo la tatu. Subirini."

Baada ya kama dakika moja bila kuisikia rimoti, taa ya kipokezi ilianza kupepesa harakaharaka. Kilikuwa kimefungua Wi-Fi yake chenyewe. Mwalimu akaiunganisha simu yake nacho, akakipakia programu aliyokwisha kuipakua.

"Asiguse mtu betri!"

Taa ikazimika. Ikawaka. Ikatulia.

Shangwe zikalipuka! Mwalimu akawasha mota, kisha akazima rimoti makusudi, nazo zikasimama papo hapo. "Safi. Droni isiyomsikia rubani lazima isimame, isije ikamkata mtu. Fungeni mapanga."

Adela hakungoja kuambiwa. Aliichukua miwani akampa Lazaro. "Nisamehe. Ulilehemu vizuri."

"Mimi nirushe? Nitagonga mlango wa kwanza!"

"Ukivaa miwani utaona mbele tu. Mimi nitasimama ubavuni nikuambie mengine."

Droni mbili zikapaa zikivuma. "Upepo wa kushoto! Panda! Shuka sasa!" Adela alipiga kelele hadi sauti ikamkwama. Lazaro alipita mlango baada ya mlango, akayumba kwenye wa mwisho, na Jovina, rubani wa Mpui, akamtangulia kidogo sana. Chanji walirukaruka, wakambeba Lazaro juu juu.

"Mmeshindwa, mbona mnashangilia kutuzidi?" Jovina aliuliza.

"Ungetuona saa nne na nusu!" Adela alimjibu.

Walipokuwa wakifunga vifaa, Mwalimu Silvana alimwita.

"Umeumia kukosa kurusha?"

"Sana, mwalimu."

"Najua. Kukosea si aibu, mimi nimeshaharibu vipokezi viwili. Aibu ni kumtwisha mwenzako kosa lako. Kipokezi tumekitengeneza kwa dakika kumi. Lakini ungenyamaza, Lazaro angerudi nyumbani anaitwa mharibifu, na hakuna programu ya kumsafisha mtu jina. Umelikubali mapema, umetuokoa wote."

"Asante, mwalimu."

"Haya, niitie Zephania. Naye ana neno la kumwambia Lazaro."

Adela akaondoka mbio.