Siku Nane za Nalasi

Msumari wa kibanda cha mitumba ndio uliowakutanisha. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, soko la Songea limefurika, kila mtu anamsukuma mwenzake. Kijana mmoja mrefu alijitokeza mbele ya cherehani ya Theodosia akiwa amejikumbatia kama mwenye baridi. Shati lake jeupe lilikuwa limechanika kutoka kwapani hadi kiunoni.

"Dada fundi, niokoe. Nina usaili saa nne."

"Vua."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Basi nenda hivyo hivyo wakazione mbavu. Labda kazi yenyewe ni ya kubeba magunia."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Kijana akavua, huku akitazama juu kama anayetafuta mvua. Theodosia, gauni la kitenge cha kijani mwilini na futi ya kupimia shingoni, alilipitisha shati chini ya sindano bila haraka. Alipomrudishia, mshono haukuonekana.

"Nikipata kazi nitarudi kukuambia."

"Na ukiikosa?"

"Nitarudi kukulaumu."

Alipata, na alirudi. Jina lake Dastan. Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kupita sokoni: leo kifungo, kesho zipu, keshokutwa hana hata cha kushonwa, anakaa tu kwenye benchi akimwita "fundi wangu" na yeye akimwita "Bwana Korosho". Maana kazi aliyoipata ilikuwa ya kupima ubora wa korosho, na msimu ulipofunguliwa mwezi wa kumi, alipelekwa kwenye ghala moja huko Nalasi, Tunduru.

Kabla hajaondoka walikubaliana. Barua ya posa ingeletwa nyumbani kwa mzee Rupert, babake Theodosia, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Desemba. Dastan angeomba ruhusa, ampitie mjombake Yohanes huko Peramiho, na mjomba ndiye angekuwa mshenga. Mzee Rupert alikubali kungoja, ingawa barua ya mwalimu Leonce ilikuwa imeshafika. Leonce hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa Dastan.

Tarehe kumi na tatu ilifika. Shangazi Notburga alichinja jogoo wawili. Viti viliazimwa, wazee wakaketi na makoti yao. Saa nne ikapita, saa sita, saa tisa. Jioni viti vikarudishwa kwa wenyewe. Theodosia alijaribu simu mara moja kwa siri, nayo haikupatikana. Hakurudia. Kwao posa haikumbushwi. Upande wa binti ukikumbusha, umejitembeza.

Wiki iliyofuata hakuweza kushona. Wateja wa Krismasi aliwaelekeza kwa fundi wa jirani. Alikaa nyuma ya cherehani iliyofunikwa, simu mapajani, akisikiliza mvua ikigonga bati. Asubuhi moja ilikuwa ndefu kama mfungo. Alikuwa akitazama saa, anazungumza na huyu, anasalimiana na yule, na akitazama tena anakuta zimepita dakika nne. Siku ya tatu babake alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, Jumapili baada ya misa namjibu mwalimu. Siwezi kuweka watu wawili mlangoni."

Jumamosi ya tarehe ishirini, saa nane mchana, Dastan akatokea.

Alikuwa ameshuka basi la Tunduru muda huo huo. Viatu vyake vilikuwa tope tupu, macho mekundu, shati lile lile jeupe sasa limekuwa na rangi ya maganda ya korosho.

"Dosia."

"Shikamoo," alisema Theodosia.

Hiyo shikamoo ilimpiga kuliko kofi. Hakuna binti anayempa mchumba wake shikamoo, ila akitaka kumwambia kwamba sasa ni mtu wa mbali.

"Nisikilize, mpenzi wangu. Kule siku zilinipotea. Sikujua kama tarehe imefika..."

Theodosia alikuwa amekwisha kuona kikaratasi kinachochungulia kwenye mfuko wa shati. Alinyoosha mkono, akakichomoa. Ni vile vikaratasi vya kufungwa kwenye sampuli. Akakisoma kwa sauti.

"Gunia namba mia nne na saba. Unyevu, sawa. Tarehe kumi na tatu, mwezi wa kumi na mbili." Akainua macho. "Mwandiko ni wa nani?"

Dastan akatazama chini.

"Ni wangu."

"Uliiandika kwa mkono wako. Baba yangu amevaa koti, wewe unaiandika tarehe yake kwenye korosho."

"Niliiandika labda mara mia siku hiyo."

"Halafu unasema hukujua?"

Dastan alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Alieleza polepole. Kulipokucha, alianza kuchoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, akatoa korosho, akazikata, akatazama viini, akaandika kikaratasi, akahamia gunia la pili. Jua likitua bado yuko hapo. Kesho yake hivyo hivyo, tena hivyo hivyo. "Mkono ulikuwa unaandika tarehe kama unavyofunga vifungo vya shati, Dosia. Nani anakumbuka alivyofunga vifungo? Jana lori la mwisho lilipoondoka, nikaketi juu ya gunia tupu. Ndipo nikahesabu. Nikakimbilia basi."

"Simu pia ilikuwa inachoma magunia?"

"Nilipiga! Tarehe tisa, kumi na kumi na moja. Malori yalikwama kwenye tope, ruhusa zikafutwa. Nilitaka kumwomba baba asogeze wiki moja. Hukupokea."

"Muongo. Ulipiga mara moja."

"Siku tatu."

"Mara moja, Dastan! Nakumbuka. Nilikuwa na sare za kwaya."

"Toa simu yako."

Aliitoa kwa hasira, tayari kumwaibisha. Akapekua. Vidole vikaanza kwenda taratibu, kisha vikasimama. Tarehe tisa, saa tano. Tarehe kumi, saa saba. Tarehe kumi na moja, saa kumi. Zote hazikupokelewa, na zote jina ni Bwana Korosho.

Sare arobaini. Aliona tena kitambaa cha zambarau kikimiminika mapajani, pini mdomoni, simu ikitetemeka chini ya vipande, na yeye akijisemea, nitampigia nikimaliza mkono huu. Mkono, halafu mkono, halafu mkono. Kichwani mwake siku zile tatu zilikuwa alasiri moja tu. Lakini wiki hii ya kukaa bure, angeweza kuisimulia saa kwa saa.

Kwenye vibanda, watu walijifanya wanapanga bidhaa.

"Na tarehe kumi na mbili?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Nilisema kesho."

"Na kumi na tatu?"

"Nilisema kesho. Sina utetezi mwingine."

"Sijakusamehe. Nimekuelewa tu, na hivyo ni vitu viwili." Akaikunja futi yake. "Kesho baada ya misa ya pili baba anamjibu Leonce. Kama mjomba wako ana miguu, aitumie leo."

Jumapili, saa sita na robo, mjomba Yohanes aliingia kwa mzee Rupert na barua, jasho likimtiririka. Dastan, kama desturi inavyotaka, hakuingia. Alibaki barabarani, upande wa pili, kwenye mvua ya manyunyu. Wazee hawakutabasamu, hata mjomba alipoeleza kilichomchelewesha Dastan. Barua mbili zikawekwa mezani, moja karibu na nyingine, na Theodosia akaitwa. Alipiga magoti kwenye mkeka, kanga ya shangazi kichwani.

"Kabla ya yote," alisema mzee Rupert, "nijibu mimi. Mtu anayepotewa na siku kwa ajili ya korosho, wewe ukiwa leba atakumbuka njia ya kurudi?"

Mjomba Yohanes alijifuta jasho.

"Baba, simjibii. Lakini alinipigia siku tatu kukuomba umsogezee, nami sikupokea. Nilikuwa na sare za kwaya. Sikumdharau. Siku zilinipita mkononi, nazo nilikuwa nimezishika."

Shangazi Notburga akaguna. Mzee akainua barua ya kwanza.

"Unamfahamu huyu Leonce?"

"Simfahamu, baba."

Jibu hilo lina maana moja, na kila aliyekuwemo aliijua. Mzee akaiweka kando kwa heshima. Akainua ya pili.

"Na huyu Dastan?"

Theodosia alifikiria viti vilivyorudishwa. Alifikiria pini mdomoni mwake mwenyewe.

"Namfahamu, baba. Ni mtu wa kuchelewa. Lakini namfahamu."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mzee Rupert hakucheka. Aliifungua barua, akavaa miwani, akaanza kusoma.

Theodosia alipotoka uani, simu ilikuwa ikiita.

"Dosia! Wamesemaje? Mbona mmekaa hivyo? Nimesimama hapa mpaka miguu imekufa ganzi, nadhani saa tatu zimepita!"

Alitazama saa.

"Dastan, mjomba wako aliingia dakika ishirini zilizopita."

Upande wa pili mvua ilisikika.

"Ishirini?"

"Ishirini. Mimi nilikaa siku nane."

"Nimeelewa," alisema. "Nimeelewa, mpenzi wangu. Sasa niambie, wamesemaje?"

"Ngoja kidogo."

Akaishusha simu kifuani, akaegemea ukuta, na akahesabu kimoyomoyo, bila haraka, mpaka nane. Kisha akamwambia.