Mlango wa Zamani Ulikwenda Wapi?

Kila asubuhi nilifagia unga wa mbao kabla ya kuwasha jiko. Kaka yangu ni seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya chumba chetu, ukuta mmoja tu katikati. Msumeno ukianza kulia, vumbi lilipita chini ya mlango, likatua kwenye vikombe, kwenye mashuka, na kwenye nywele za watoto.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka saba. Tulimwita Kasuku, kwa sababu hanyamazi. Wa pili ni mvulana wa miaka mitatu. Alizaliwa mnene, basi jina la Bonge likamganda hata alipokonda. Na kweli alikuwa amekonda. Kifua kilimbana kila wiki. Muuguzi alikuwa ametuambia mara tatu, "Mwondoeni mtoto huyu kwenye vumbi."

Jumatatu moja kaka aliingia mbio, penseli bado ipo sikioni.

"Mama Kasuku! Acha kila kitu!"

"Nimeshika sufuria ya moto. Niiache wapi, kichwani kwako?" wifi yangu alimjibu.

"Mkandarasi amepata kazi pwani! Anajenga shule katika miji miwili midogo. Anataka seremala kwa miaka mitatu. Amesema nichague mji mmoja, na sote tuhamie huko!"

Kasuku alipanda juu ya kitanda akaanza kuruka. "Bahari! Baba, bahari inalala? Samaki wanakunywa maji? Shangazi naye anakuja?"

"Shangazi asipokuja, nani atakujibu maswali yako?" wifi alisema. Aliweka sufuria chini, akanishika mikono, tukacheza pale pale mbele ya jiko. Bonge alipiga kifuniko cha sufuria kama ngoma.

Kisha kaka akakaa. "Anataka jibu Ijumaa. Na wenye nyumba kule wanataka kodi ya mwaka mzima. Tukichagua vibaya, tumekwama. Hatutaweza kuhama tena."

Tulimtazama Bonge. Alikuwa bado anapiga ngoma, lakini pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi.

Jumatano tulipanda basi la asubuhi kwenda mji wa kwanza. Tulipoiona bahari kwa mara ya kwanza, hata Kasuku alinyamaza. Ilikuwa kubwa, ya buluu, imetulia kama maji ndani ya beseni.

Dalali alitupokea kituoni. Alivaa viatu vyeupe, na alitembea kwa kuruka madimbwi yote. "Fundi, nimekuwekea nyumba ambayo wengine wanaililia," alisema.

Nyumba yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka mchangani. Ilipakwa rangi mpya. Uani kulikuwa na pembea, na kabla dalali hajamaliza kufungua geti, Kasuku alikuwa ameshaikalia.

"Hapa! Tunahamia hapa!" alipiga kelele.

Kaka hakuiona pembea. Aliona mlango. Ulikuwa mpya, wa mbao ngumu, nyekundu, umepigwa msasa ukawa laini kama shavu la mtoto. Kaka aliupapasa. Aliunusa. Aliufungua na kuufunga mara tano.

"Mama Kasuku, njoo usikie. Haulii hata kidogo!"

"Na vyumba vyote vina milango kama huu," dalali alisema.

"Vyote?" Macho ya kaka yaling'aa. "Nyumba yenye milango hii haina ubaya."

Wifi naye alikuwa ameshaanza kupima madirisha kwa viganja, akihesabu mapazia. Nami nilikuwa naona kwa mawazo mahali pa kuweka ndoo, mahali pa kuanika nguo. Moyo wangu ulikuwa unaruka pamoja na pembea.

"Kodi mniletee leo leo," dalali alisema. "Kesho kuna watu wengine wanakuja."

Bonge alinivuta nguo. Alikuwa na kiu. Nilimpeleka kwenye bomba la nje, nikamkingia maji kwenye kikombe. Alikunywa funda moja, akalitema lote kwenye mguu wangu.

"Chumvi!" alisema, akakunja uso kama mzee.

Mtu alicheka nyuma yangu. Alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira. Alishika daftari na kitambaa. Alikuwa anafuta kioo cha mita ya maji ili asome namba.

"Huyo ndiye mwenye akili katika safari yenu," alisema. "Ameonja kabla ya kulipa."

Nilitaka kumuuliza ana maana gani. Lakini mimi ni mtu wa haya. Wifi husema, "Wifi yangu huyu, ukimtuma akaombe chumvi kwa jirani, atakula bila chumvi." Basi nilitazama chini. Bahati nzuri Kasuku alifika.

"Shikamoo, mama. Kwa nini maji yana chumvi? Unaandika nini? Hizo buti ni za nini, na mvua hakuna?"

"Marahaba, mwanangu. Looo, hata pumzi huvuti!" Mwanamke alifunga daftari. "Mimi ni msoma mita. Kila mwezi napita kila nyumba ya mji huu. Kisima cha mtaa huu kiko karibu mno na bahari, ndiyo maana maji yana chumvi. Na buti hizi nazivaa kwa sababu sijui nitakuta maji wapi." Alinigeukia. "Mdogo wangu, itazame mita hii. Imefungwa wapi?"

Niliitazama. Ilikuwa juu ya nguzo ya saruji, usawa wa kiuno changu.

"Mitaa ya juu, mita ziko chini kabisa. Nasoma nimechuchumaa. Hapa nasoma nimesimama. Kwa nini?"

Nilifikiri. "Maji yanafika hapa?"

"Yanafika gotini. Tuliipandisha ili isizame. Leo bahari imelala, ni siku za maji mafu. Lakini mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, kunakuja bamvu. Hapo bahari hujaa kuliko siku zote. Bamvu likikutana na upepo mkali, linaingia ndani bila kubisha hodi."

"Lakini nyumba ni mpya," nilisema polepole. "Na milango ni mipya."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," alisema. "Huyo fundi wenu anajua mbao, nimemsikia anavyousifia huo mlango. Kamuulize swali moja tu. Mlango wa zamani ulikwenda wapi?"

"Kamuulize wewe, dada. Mimi siwezi."

"Mimi sihamii hapa. Nyinyi ndio mnahamia, na huyu mwenye kifua kinachopiga filimbi. Nyumba ikiingia maji, kuta hazikauki. Zinaota ukungu. Ukungu na kifua cha mtoto haviwezi kukaa chumba kimoja."

Nilimbeba Bonge. Nilisikia filimbi ile kwenye shingo yangu. Ndani, kaka alikuwa ameshatoa bahasha mfukoni. Dalali alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Kaka," nilisema.

Hakunisikia.

"Kaka! Mlango wa zamani ulikwenda wapi?"

Wote waligeuka. Wifi alishangaa kama aliyesikia meza ikiongea. Masikio yangu yaliwaka moto, lakini sikurudi nyuma.

"Mlango gani?" kaka aliuliza.

"Uliokuwa hapa kabla ya huu."

Kaka alimtazama dalali. Dalali alitazama viatu vyake vyeupe. "Ule... ule ulikuwa mbaya tu."

"Mbaya juu, au mbaya chini?"

Basi kaka alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu tufike. Alipiga magoti. Alipapasa fremu kule chini. Alikwangua rangi kwa ukucha. Chini ya rangi, mbao ilikuwa imeungwa kipande kipya, urefu wa mkono. Ukutani, rangi ilibanduka kama ganda la yai, na nyuma yake kulikuwa na unga mweupe. Kaka aliulamba.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi!" Bonge alirudia kwa furaha.

Kaka alirudisha bahasha mfukoni. "Miaka kumi na miwili natengeneza milango," alisema. "Leo mlango umenitengeneza mimi."

"Mtaka cha mvunguni huinama," wifi alimwambia. "Wewe ulikuwa unabusu kitasa."

Kasuku alilia kwa ajili ya pembea. Alilia mpaka nje ya geti. Msoma mita alimfuta machozi kwa upande safi wa kile kitambaa chake.

"Usiuchukie mji wangu," alisema. "Una nyumba nzuri huko juu, ila sasa zote zina watu. Mtoto huyu ameniambia kesho mnakwenda mji wa pili. Basi fanyeni hivi. Onjeni maji yenyewe, msiyatie kwenye chai. Tazameni kuta chini, siyo juu. Waulizeni akina mama wenye watoto, msimuulize anayelipwa mkikubali. Na kutoka nyumbani hadi zahanati, msipime kwa miguu yenu. Mwacheni huyu mdogo atembee. Akifika mwenyewe, hapo ni karibu."

Alhamisi tulifika mji wa pili. Haukuwa na dalali. Ulikuwa na ngazi. Mtaa wote ulipanda kilima, na bahari ilikuwa kule chini. Kasuku alihesabu ngazi sitini na nne, akasema miguu yake imekufa.

Nyumba iliyokuwa wazi ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Rangi ilikuwa imefifia. Mlango ulipofunguliwa, ulilia kama mbuzi.

"Mlango huu ni aibu," kaka alinong'ona.

"Piga magoti," wifi alimwamuru.

Alipiga magoti. Alipapasa. Alikwangua. Alikaa pale muda mrefu, kisha akainuka akitabasamu. "Ni mzee kuliko mimi. Lakini chini hauna hata doa."

Bonge alikunywa maji ya bomba. Sote tulimtazama kinywani. Alimeza, akanyoosha kikombe. "Tena!"

Tulipiga makofi kama amefunga goli.

Kulikuwa na mama aliyekuwa akianika nguo za watoto kwenye nyumba ya jirani. Wifi alinisukuma begani. "Nenda. Jana ulifungua mdomo, leo usiufunge."

Nilikwenda. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nilimuuliza kama bahari hupanda mpaka pale. Alicheka. "Bahari ikipanda ngazi hizi zote, mdogo wangu, nitaipikia chai." Nilimuuliza kuhusu wagonjwa wa kifua. Alisema muuguzi yupo kila siku isipokuwa Jumapili, na kwa dharura ya Jumapili anaishi nyuma ya zahanati. Tena akaniambia kitu ambacho sikukiuliza. Ngazi huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo watoto wadogo washikwe mkono.

Kisha Bonge alitembea kwenda zahanati. Alisimama kumtazama kuku. Alisimama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Lakini alifika kwa miguu yake mwenyewe, na shule ilikuwa mlango wa pili.

Ijumaa kaka alimpa mkandarasi jibu.

Sasa ni mwaka wa pili tunaishi juu ya ngazi. Karakana ya kaka iko mbali na nyumba, upande ambao upepo hauleti vumbi kwetu. Kifua cha Bonge hakipigi filimbi kila wiki kama zamani. Amenenepa tena, na jina lake limerudi mahali pake. Jumamosi tunashuka baharini. Siku za bamvu tunakaa juu, tunatazama maji yakimeza mchanga wote, na nguo zetu zinaendelea kukauka kwenye kamba.

Mwezi uliopita kaka aliitwa mji wa kwanza kwa kazi ya siku moja. Alirudi amebeba ubao mabegani.

"Ile nyumba ya pembea," alisema, "milango imevimba. Chini imeoza, haifungi tena. Nimetengeneza mipya. Lakini kwenye fremu nimechonga alama ya mahali maji yalipofika. Nimemwambia mwenye nyumba aiache ionekane. Atakayekuja kupanga, aione kwa macho yake."

Alikata sehemu iliyooza ya ule ubao akaitupa. Sehemu ya juu ilikuwa bado ngumu, nyekundu, laini kama shavu la mtoto. Aliitoboa matundu mawili, akapitisha kamba, akaifunga kwenye nguzo za uani.

Kasuku alikaa, nami nikamsukuma. Alikwenda juu hadi akaiona bahari yote.

"Shangazi!" alipiga kelele. "Kwani mlango wa zamani ulikwenda wapi?"

"Umeukalia," nilimwambia. Nilicheka kwa sauti kubwa mpaka jirani akatoka kutazama ni nani.