Kisanduku cha Saba

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hilo tulimalize mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari. Mtu anayesomea shahada ya uzamivu ya falsafa, aliyetumia miaka miwili kuchambua kwa nini binadamu anapaswa kushukuru, aliingia duka la fotokopi mkabala na lango la chuo saa sita mchana, siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya ufadhili, akawapita watu kumi na mmoja kwenye foleni bila hata salamu. Alivaa koti la marehemu baba yake, mikono imemzidi hadi vidoleni, na fomu imelowa jasho.

"Samahani dada, yangu ni ya haraka."

Binti nyuma ya mashine hakuinua uso. Alikuwa na gauni la kijani chini ya aproni, penseli imechomekwa kwenye nywele, vidole vimeganda gundi ya kujalidia. "Kwani za hawa ni za sherehe?" aliuliza. "Rudi nyuma, kaka. Mashine haijui nani msomi."

Foleni ikacheka. Akarudi nyuma kama paka aliyemwagiwa maji. Zamu yake ilipofika akanyakua nakala, akatimka, na fomu yenyewe, yenye sahihi ya msimamizi wake, akaiacha chini ya kifuniko cha mashine. Ofisi ya ufadhili haikupokea nakala. Karani alikuwa ameshamrudishia karatasi zake, naye amesimama dirishani kama nguzo, aliposikia viatu vinakuja mbio koridoni. Binti alikuwa amefunga duka, foleni kaiacha nje, aproni bado kiunoni.

"Shika," alimwambia akihema. "Na ukikosa, usije ukaisingizia mashine."

Alikosa. Lakini alirudi dukani kushukuru, akarudi tena kushukuru, hata ikafika mahali hakuna aliyekumbuka anashukuru nini. Akamwita binti Bi Gundi. Bi Gundi akamwita Mzee Kwanini. Na majina yakanata.

Miaka miwili ikapita hivyo, mapenzi yakinenepa na matumaini yakikonda. Ufadhili wa chuo ulikwenda kwa wenye maabara. Kazi ya kuwasaidia wahadhiri kufundisha, iliyokuwa ikimlisha, ilifutwa kwa tangazo la mistari miwili. Shirika moja la mbali lilimuuliza kwa barua utafiti wake utaongeza mavuno kwa kiasi gani. Benki ilitaka mdhamini mwenye nyumba, na yeye hata chumba alikuwa anakaa kwa huruma ya binamu. Kila Jumapili mama yake alimpigia simu kumuuliza, kwa upole wa kuchoma, kama hiyo shule ina mlango wa kuingilia tu.

Aliyekuwepo ni Bi Gundi. Alimpa meza ya nyuma ya duka, penye taa nzuri. Alimchapia sura tatu za tasnifu akizomea kila sentensi iliyozidi mistari minne. Mchana aligawa chakula chake katikati kwa kijiko, akimsogezea upande mkubwa huku akidai ni mdogo.

Kisha likaja tangazo la mwisho: nafasi moja, kwa mwanafunzi mmoja wa falsafa anayekaribia kumaliza. Mzee Kwanini aliijaza fomu palepale kwenye meza ya nyuma, akampa Bi Gundi ainakili. Bi Gundi akailaza kwenye kioo, na macho yakamwangukia kisanduku cha saba: *Taja msaada wowote mwingine unaoupata.* Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na shaka, palikuwa na neno moja.

*Hakuna.*

Alitoa nakala, akazibana, akamrudishia fomu yake kwanza. Kisha akamtajia bei.

"Leo nalipa?" Mzee Kwanini alicheka.

"Kwani tunajuana?"

Jioni Mzee Kwanini alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Mpenzi, pale wanauliza misaada ya taasisi. Ni utaratibu tu."

"Wameandika 'wowote'. Falsafa sijasoma, lakini kusoma najua."

Simu ikakatika. Siku tatu meza ya nyuma ililundikwa maboksi ya karatasi, na yeye akajifunza kwamba mtu anaweza kuandika kurasa mia mbili juu ya shukrani na asijue aanzie wapi kusema asante. Siku ya nne, dirishani, alimwomba karani kalamu, akafuta lile neno, akaandika upya hadi pembeni. Karani alisoma, akamwonya taratibu kuwa kipaumbele ni kwa asiye na msaada kabisa. Akipeleka hivyo anajichimbia shimo. Alijua. Aliipeleka.

Baada ya wiki mbili fomu ilirudi na mhuri: *Ana msaada mwingine.* Aliipeleka dukani mchana, foleni imefika mlangoni, na safari hii akaifuata foleni hadi zamu yake. Bi Gundi akasoma kisanduku cha saba. *Meza. Taa. Nusu ya chakula, ile kubwa. Sura tatu. Mtu aliyefunga duka akakimbia.*

"Umeikosa shule kwa ajili ya mstari mmoja?" Hasira na kitu kingine viligombania mlango wa sauti yake. "Nilinuna, sikukutuma ujimalize."

Akajieleza kama alivyofunzwa. Kwanza, hana chuo. Pili, hana kazi, na koti ni la marehemu. Tatu, shangazi yake Bi Gundi haachi kuuliza posa inakuja lini, na mwanamume asiye na kitu hana uso wa kumfungia mtu maisha. Kwa hiyo amekuja kumwacha huru, mpaka siku atakapopata mfadhili, akipata. Watu nyuma yake waliacha hata kukohoa.

Bi Gundi alichomoa penseli nywelani, akaiweka juu ya fomu.

"Fomu sita umewajazia watu wasiokujua, ukiwaomba wakubebe," alisema. "Mimi ninayekujua hujaniomba hata mara moja. Omba, au upishe foleni."