Ukuta Ulionyonyeshwa

Harufu ilianzia kwenye kanga. Mwanatabu alikuwa ndani ya arubaini pale Likoni, juzi tu katoka kujifungua, akaona kila kanga anayojifunika inanuka kama dekio lililosahauliwa ndooni. Zikafuliwa, zikafukizwa udi. Basi ikawa udi na uvundo pamoja, na hilo, wanangu, ndilo baya zaidi: kama mzoga uliopakwa manukato.

Yalikuwa masika, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nyumba ilikuwa ya mawe na udongo, juu chokaa. Mkwewe, Bi Mwanakheri, alikuwa amelipigilia mbao dirisha la chumba na kuziba nyufa zote kwa matambara, maana mzazi hapigwi na upepo. Kitoto chenyewe, Bakari, kilipumua kwa mluzi: fiii, fiii.

"Shikamoo, mama. Hebu njoo utazame nyuma ya kitanda."

"Marahaba. Kuna nini tena? Wazazi wa siku hizi mna macho mengi kuliko maziwa!"

Bi Mwanakheri akasogeza kitanda. Ukutani palikuwa na doa jeusi, pana kama sinia, lowevu, lenye manyoya. Katikati lilikunjamana kama mdomo wa kikongwe asiye na meno.

"Ni kuvu, mama?"

"Nyamaza," akanong'ona. "Kuvu haipumui."

Wakasikiliza. Ukuta nao ulikuwa ukipiga mluzi, fiii, sawasawa na mtoto.

Akaitwa Mzee Mwidani, mganga. Hakuvuka kizingiti, alisimama mlangoni, leso puani. "Huyo ni jini mchanga," akasema. "Hana mama, na kamwona mwenziwe ananyonya. Mpeni asali, marashi na maziwa ya mzazi kila magharibi. Na dirisha lisifunguliwe, asije akatoka na roho ya huyu."

Basi Mwanatabu akawa anakamua kikombeni, na Bi Mwanakheri anapaka ukutani kwa kidole, akibembeleza: "Kunywa, baba. Kunywa ushibe." Na likanywa, lo! Likashiba, likatambaa hadi darini, likashuka kwenye godoro la sufi, likaota vinyweleo vya kijivu vinavyonata kama makamasi, na kila likilishwa lilitoa mlio mdogo wa kumeza, glu, glu, na Mwanatabu aliyelala ubavuni pake alihisi unyevu wa uvuguvugu ukimpenya mgongoni kama ulimi.

Ishaka, mumewe, kuli wa bandarini, alihamia barazani. "Hata chai ya nyumba hii ina ladha ya soksi," akasema.

Ikafika asubuhi pua ya Bakari ikaziba kabisa, akawa wa buluu. Mwanatabu akafanya wafanyavyo mama wote: akaweka mdomo puani kwa mwanawe, akavuta. Ukaja uzi mrefu mweusi, wenye manyoya, ukamjaa kinywani. Ulikuwa na ladha ya asali na marashi, na ya maziwa yake mwenyewe yaliyochacha.

Akatapika. Alipoinua uso, alikuwa ameshaelewa.

"Tunamlea, mama! Tunamlea kifuani mwa mwanangu!"

"Koma! Usiguse dirisha, arubaini haijatimia!"

"Akifa mtoto, itatimia ya nani?"

Akachukua mchi, akazitwanga zile mbao hadi zikang'oka. Upepo wa pwani ukaingia, na chumba kikacheua, wallahi, mcheuo mzito wa tumbo bovu. Ishaka akaja mbio na panga, akakwangua. Plasta ikabanduka kama utando wa maziwa, na chini yake palikuwa na joto, pakitoka ute. Godoro likachomwa uani. Likanuka nywele na asali iliyoungua. Kisha ukuta mzima ukapakwa chokaa mpya, na dirisha likaachwa wazi usiku na mchana.  Bi Mwanakheri alikisugua kile kikombe kwa mchanga, kisha akakitupa chooni.

Kesho yake jua lilipotoka, pumzi ya Bakari ilikwisha safika. Jioni wakakaa uani, kitoto kimelala kimya mapajani mwa bibi yake.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanakheri. "Sikiliza anavyopumua."

Ikaadhiniwa magharibi. Na mle ndani, katika chumba cheupe kisicho na mtu, kichanga kikaanza kulia kwa njaa.

Hakuna aliyeinuka. Ishaka alitazama chini. Mwanatabu akajiziba masikio kwa nguvu zake zote, lakini kifua chake kilikuwa kimeshasikia: maziwa yakashuka yenyewe, yakalowesha kanga, yakadondoka mchangani. Na kule ndani kilio kikakatika, kikawa mlio wa kumeza.