Wati Sitini

Nilimkuta shangazi akipiga pasi, redio ikiimba chini chini. Binti yake ndiye aliyenituma. "Kaangalie kama mama anasahau kuzima vitu," aliniambia. "Ikiwa hivyo, Jumapili namhamishia kwangu, atake asitake."

Shangazi alijua. "Umekuja kunipima akili, eh? Anza na hili," akanipa daftari la mita.

Kurasa za mwanzo aliziandika mumewe marehemu. Kila asubuhi, kila jioni, namba za mita, na kila saba ikiwa na mkwaju, kistari cha kuikata katikati. Alipofariki, shangazi akaendelea na zoezi hilo. Saba zake hazina mkwaju.

Baada ya mazishi alibadili balbu zote, akaweka za LED, za wati saba. Marehemu hakuzipenda, alisema zinamulika kama hospitali. Ile yake ya zamani ya chumba cha kusomea, ya wati sitini, shangazi aliifungua akaifungia kabatini. Pale hakuweka nyingine.

Lakini daftari lilionyesha kwamba kila siku, karibu uniti moja na nusu ilitumika bila mtumiaji.

Tukachomoa pasi. Redio. Friji. Tukazima taa zote. Kitaa chekundu cha mita kiliendelea kukonyeza, polepole, kama mtu asiye na haraka.

Nikazima swichi moja moja kwenye boksi la fyuzi. Sebule. Bado. Jikoni. Bado. Chumba cha kusomea.

Kikatulia.

Nikaiwasha tena. Kikakonyeza.

Nikapiga hesabu. "Wati sitini," nikanong'ona. "Usiku na mchana."

Tuliingia chumbani. Jua la saa nane lilijaa dirishani. Holda ya balbu ilining'inia tupu juu ya kiti cha marehemu. Nikanyoosha mkono.

Joto lilinipata kabla sijaigusa.

"Umeona?" shangazi alinong'ona mlangoni. "Sijachanganyikiwa." Akakitazama kile kiti. "Heri ningekuwa nimechanganyikiwa."

Hakungoja Jumapili. Alifunga mizigo yake mwenyewe, akanitangulia getini.

Mimi nilibaki kufunga nyumba. Nikazima swichi kuu. Daftari lilikuwa juu ya boksi la mita, pale nilipoliacha. Namba za asubuhi zilikuwa za shangazi.

Chini yake, za jioni zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Nikatazama mita. Zilikuwa sahihi, hadi tarakimu ya mwisho.

Ilikuwa saba. Ilikuwa na mkwaju. Wino ulinichafua kidole.