Mguu wa Pili kwenye Breki

Gari lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, ufunguo uko kiunoni mwa mwenyewe, na bado pedeli ya breki ikashusha pumzi.

Psssss.

Bi Zakiya alikuwa akianika kanga uani, jua la Sidab limesimama juu ya majabali, mtaa mzima umejilaza. Akageuka. Lile gari la forwili, kuukuu, rangi ya vumbi, analolipenda mumewe kuliko meno yake mwenyewe, limetulia chini ya turubali. Halafu tena, taratibu, kama mtu anayekanyaga kitu akakiachia: psssss.

"Muhanna!" alimwita mumewe dirishani. "Nani yumo garini?"

"Paka," alijibu Muhanna kwa sauti ya usingizi.

"Paka gani anakanyaga breki?"

"Paka mwenye leseni. Hebu niache nilale, bibi we."

Muhanna alikuwa mtu wa masihara tangu ujana wao Unguja, kabla hawajahamia huku kwa Waarabu. Lakini jioni ile alirudi kutoka sokoni bila masihara, kanzu imemganda mgongoni. Pedeli ilimzamia mguuni mpaka chini, akanusurika kuingia ukutani.

"Breki hizo zitengenezwe, Muhanna," alisema Bi Zakiya. "Mtoto yule siku zake zimefika."

Mtoto yule ni Fajr, binti yao. Alikuja kujifungulia kwa mamake, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza, na mumewe Aflah yuko jangwani kwenye visima vya mafuta. Hospitali iko ng'ambo ya mlima. Unapanda, halafu unateremka mteremko mrefu wa kukata roho, na gari la kumteremsha Fajr lilikuwa hilo hilo.

Ijumaa akaja Rufus, fundi wa Kikenya anayefanya kazi gereji moja ya mjini Ruwi, siku yake ya mapumziko. Alikanyaga pedeli mara kadhaa mpaka ikakaza, kisha akaishikilia. Ikazama chini ya mguu wake, kidogo kidogo, kama inaingia topeni. Akachungulia magurudumu yote, hakuna tone la mafuta lililovuja.

"Hii ni masta silinda, mzee," alisema. "Raba za ndani zimeisha. Mafuta yanapita ndani kwa ndani, hayafiki kwa magurudumu. Nitaweka raba mpya, halafu tutoe hewa."

"Na ile pumzi?" aliuliza Bi Zakiya.

"Hiyo ni busta, mama. Kile kikopo kikubwa kinasaidia mguu. Ukikanyaga, inavuta hewa."

"Ukikanyaga. Na asipokanyaga mtu?"

Rufus alifuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena hata palipokuwa pasafi. "Hii shida ilianza lini?"

"Tangu tulipotoka wadini, kule bonde la mto mkavu," alisema Muhanna. "Rejeta ilichemka wakati wa magharibi, nikaifungulia maji chini ya mkunazi mmoja pale, nikatia mengine. Basi."

Bi Zakiya akaketi kizingitini. Yeye ambaye hamwagi hata maji ya mchele kwenye mchanga wa uani bila kusema, "Bismillahi, dasturi wenyewe," ili wasioonekana wajisogeze na watoto wao wasiungue, yeye huyo alikaa garini magharibi ile akimenya chungwa, akayatazama maji yanayotokota yakishuka mizizini mwa mkunazi, wala neno halikumjia, kwa sababu yale maji aliyahesabu kuwa ni ya gari, ya mafundi, si ya jikoni. Na kulikuwa na kilio. Muhanna alisema ni kitoto cha mbuzi. Bi Zakiya hakumwona mbuzi.

Adhana ikaita, Muhanna akaenda msikitini. Rufus alikuwa amekwisha kutia raba mpya, sasa alilala chali karibu na gurudumu la nyuma, mpira mwembamba umetoka kwenye nati ukaingia ndani ya chupa.

"Mama, nisaidie hapo mbele. Nikisema kanyaga, unakanyaga na kushikilia, unaniambia 'nimekanyaga'. Ndio nafungua nati hewa itoke. Usiachie kabla sijasema."

Bi Zakiya akapanda, akatamka Bismillahi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Povu likachemka chupani.

"Achia. Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Ndipo sauti ya Fajr ilipopasua nyumba. "Mama! Njoo, mama! Chupa imevunjika!"

Bi Zakiya aliruka chini, kandambili zikabaki humo humo. Alimkuta binti yake kashika mlango, maji yanamtiririka. Akamkalisha, akamfunga kanga, akamwambia apumue, akatoka mbio kumwambia fundi aharakishe. Akafika kizingitini.

"Kanyaga, mama!" Rufus aliita kutoka chini ya gari.

"Nimekanyaga."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe Bi Zakiya, na kikohozi chake kidogo cha mazoea mwishoni, ikitoka kwenye gari ambalo mlango wake ulikuwa wazi na kiti chake kitupu, na pale chini ya usukani, juani, mbele ya macho yake, pedeli ilikuwa imelala sakafuni bila mguu juu yake, na uani kote kukanuka nywele zilizoungua na jiwe lililomwagiwa maji.

"Achia," alisema Rufus. Pedeli ikapanda.

Akatoka chini, anatabasamu. "Mama umeshika kazi! Sasa iko ngumu kama jiwe. Lakini sauti imekukauka, kunywa maji." Halafu akamwona mlangoni, akatazama kiti, akamtazama tena. Tabasamu likamtoka.

Bi Zakiya alisogea. Juu ya raba ya pedeli kulikuwa kumegandia kitu cheupe, chembamba, kama utandu wa maziwa. Ilikuwa ngozi, yenye alama ya vidole vitano vidogo vya mguu.

Muhanna akarudi kutoka msikitini, kilio cha bintiye kimemfikia njiani. "Mpandisheni, yallah!"

"Muhanna, si gari hili," alinong'ona. "Yumo mtu. Wadini tulimuunguza mtoto wa wenyewe, sasa mamake yumo humu na..."

"Teksi utaipata wapi Ijumaa saa hizi? Uzazi umekwishakuja, Zakiya!" Akakanyaga pedeli, ngumu. "Rufus?"

"Iko sawa, mzee," alisema Rufus, na hakumtazama mtu. Lakini alipanda mbele nao, midomo inacheza, anamwomba Mungu wake.

Walipanda mlima salama. Kileleni Muhanna alikanyaga breki ikashika, wakaanza kuteremka, na kwenye kona ya kwanza pedeli ikashusha pumzi, psssss, ikazama, Muhanna akapampu ikazama, akarudisha gia gari likanguruma lisipungue, Rufus akavuta breki ya mkono ikamjia yote kama uzi uliokatika, na majabali yakawa yanapita dirishani bila kuhesabika, Fajr amekamata goti la mamake analia, chini kule lori la saruji limeziba njia, na harufu ile ya nywele imejaa garini mpaka macho yanatoka machozi.

Bi Zakiya akamkumbatia binti yake, akasema na kile kilichokuwa miguuni mwa mumewe.

"Ewe mama uliyepo. Dasturi. Nnajua imechelewa. Tulimwaga maji ya moto bila hodi, tukakuunguzia mwanao. Nna haya mbele yako. Wangu mwache azae. Na wako nletee, akae kwangu, nitamuuguza kwa mkono wangu mpaka mguu wake upone."

Pedeli ikapanda. Ilipanda kwa nguvu ikausukuma mguu wa Muhanna mpaka goti likagonga usukani, na gari likasimama, pua yake imegusana na lori.

Wakafika hospitali, na Muhsina, mtoto wa Fajr, alizaliwa alasiri ile, mzima, mnene.

Rufus aliifungua masta silinda mara ya pili. Raba mpya, hewa hakuna, mafuta hayavuji. "Mzee, hii mimi sina spana yake," alisema, akaenda zake, hata vifaa vyake hakuvirudia. Gari halikutoka tena uani. Kila adhuhuri Bi Zakiya aliweka bakuli la maji baridi yenye marashi chini ya usukani, na kila alasiri alilikuta tupu. Muhanna hakumtaja paka tena.

Muhsina alipojua kusema, adhuhuri moja walikuwa wamejilaza chumbani, bibi na mjukuu.

"Bibi, mwenzangu mguu wake umepona."

Bi Zakiya alifumba macho. Siku hii aliingoja. "Alhamdulillahi. Basi mwambie arudi kwa mamake, atakuwa anamngoja."

Mtoto akainamisha kichwa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza.

"Hataki. Anasema garini joto. Anataka kulala na sisi."

Bi Zakiya akafungua kinywa aseme dasturi, na neno likamkwama, maana hilo husema mgeni anayepita kwa wenyewe, na hapa mwenyeji ni yeye, naye ndiye aliyemwita. Na chini ya kitanda, mbali na uani, mbali na gari, kitu kikakanyagwa taratibu, kikaachiwa.

Psssss.